Doa Chini ya Injini

Kwa miezi minne niliongeza oili kwenye injini ya gari langu bila kujiuliza ile niliyoongeza mwanzo imekwenda wapi. Nilichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nikaona alama imeshuka, nikamimina kidogo, nikafunga boneti, nikaenda zangu. Doa lilikuwepo sakafuni. Nililiona kila siku, na kila siku nilijiambia kwamba ni la zamani. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi yuko kwenye mwezi wa pili wa tabia hiyohiyo.

Kilichonizindua ni harufu. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni, vioo viko chini, nikasikia harufu ya oili inayoungua, ile nzito inayokaa kooni hata ukiishaondoka mahali pale. Nilipopata nafasi ya kuegesha nikafungua boneti, nikaona uzi mwembamba wa moshi ukipanda kutoka nyuma ya injini, pale eksozi inapoanzia. Moshi ulikatika baada ya dakika chache. Mimi nilikaa pembeni ya barabara muda mrefu zaidi, kwa sababu nilielewa nilichokiona: oili ilikuwa imefika kwenye chuma ambacho injini ikifanya kazi hufikia mamia ya nyuzi joto. Magari huungua kwa njia hiyo. Haihitaji cheche wala ajali. Inatosha oili iendelee kudondoka mahali pa moto, siku moja ikadondoka zaidi ya siku nyingine.

Kwa hiyo kama unasikia harufu hiyo ndani ya gari, au unaona moshi chini ya boneti, usisubiri mwisho wa mwezi. Uvujaji unaogusa eksozi hauna subira, hata kama kipimo cha oili bado kinaonyesha vizuri.

Kama hakuna moshi, una muda wa kufikiri, na jambo la kwanza la kufikiri ni kama kweli ni oili ya injini. Gari lina vimiminika vingi na kila kimoja kinaweza kuacha doa. Tandika boksi safi lililofunguliwa chini ya injini usiku, asubuhi ulitazame kwenye mwanga. Oili ya injini ni ya rangi ya asali ikiwa mpya, kahawia au nyeusi ikishatumika, na ukiisugua kati ya vidole inateleza bila kunata. Oili ya giaboksi ya otomatiki na ya usukani mara nyingi ni nyekundu, ingawa ikizeeka huwa kahawia na kukudanganya. Maji ya rejeta yana rangi ya kijani, waridi au chungwa, na harufu yake ina utamu fulani. Mafuta ya breki ni mepesi, ya manjano hafifu, na yakionekana karibu na gurudumu gari hilo lisitoke hapo mpaka breki zikaguliwe. Maji matupu chini ya upande wa abiria siku uliyowasha kiyoyozi ni ya kiyoyozi, yaache. Boksi pia linakuonyesha doa liko usawa gani wa gari, kwa hiyo liwekee alama ya mbele na nyuma kabla hujalivuta.

Halafu pima. Gari likae mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke yote kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Futa dipstiki, ichovye tena, isome. Kwenye magari mengi madogo umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 1 hivi, na injini yote inabeba lita 4 au zaidi kidogo, kwa hiyo dipstiki ikikauka kabisa umeshapoteza sehemu kubwa ya kinga ya injini yako. Andika tarehe na kilomita kila unapopima. Mimi sikuandika, na nilipoulizwa gari linakula oili kiasi gani kwa kilomita 1,000 nilibaki kubahatisha. Na usijaze kupita alama ya juu ukidhani unaweka akiba. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikianza kuipiga oili iliyozidi, inaitia povu, shinikizo ndani ya injini linaongezeka, na sili, zile pete za mpira za kuzuia oili isitoke, zilizokuwa zimeshikilia nazo zinaanza kuachia.

Kuhusu ile taa nyekundu yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone: hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila dereva aijue kwa moyo. Watu wengi wanadhani inasema oili imepungua, hivyo wanaendesha polepole mpaka kituo cha mafuta. Taa hiyo inapima shinikizo. Ikiwaka wakati injini inazunguka, maana yake pampu haisukumi oili ya kutosha kufika kwenye beringi, vile vishikilio ambamo krenki inazungukia, na kwenye magari mengi haiwaki mpaka shinikizo limeshuka karibu na nusu baa (baa ni kipimo cha shinikizo), kiwango ambacho injini iko mwendoni haiwezi kukivumilia. Beringi za krenki hazigusani na krenki yenyewe. Kati yao kuna utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikatika chuma kinasaga chuma. Egesha pembeni kwa usalama, zima injini hapohapo, usiiwashe tena mpaka umejua. Hata kilomita moja ya kujikaza inaweza kugeuza sili ya bei ndogo kuwa injini nzima.

Nikarudi kwenye gari langu na kulipeleka gereji. Fundi alilipandisha, akapiga tochi, akashusha pumzi. Mahali injini inapokutana na giaboksi palikuwa pamelowa, pameshika vumbi, tone moja likining'inia.

"Sili ya nyuma ya krenki hiyo," akasema. "Lazima tushushe giaboksi."

"Umeiona inavuja?"

"Oili si hiyo hapo, kaka. Itatoka wapi tena?"

Sikuwa na jibu. Sili ya nyuma ya krenki ni pete ya mpira inayozuia oili pale krenki inapotoka nje ya injini kushika flaiwili, gurudumu zito linalokaa kati ya injini na klachi. Yenyewe ni kitu kidogo, haina gharama ya kutisha. Kuifikia ndiko kazi: giaboksi inashuka, klachi inatoka, flaiwili inafunguliwa, na siku nzima ya fundi imeisha. Nilimwambia nitafikiria. Sikukataa kwa ujuzi wowote. Nilikataa kwa sababu alisema "itatoka wapi tena" na mimi nikataka mtu anionyeshe inakotoka.

Jibu la swali lake nimelijua baadaye, na ndilo limenifanya niandike. Oili inashuka, na gari linakwenda mbele. Tone likitoka juu kabisa ya injini, kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu, linateremka ukutani, linafuata mbavu za chuma, linapita kwenye bolti na mabano, na upepo unaoingia kwa mbele unalisukuma nyuma. Mwisho wa safari hiyo, kwa injini iliyokaa kwa urefu wa gari, ni palepale inapokutana na giaboksi. Oili kutoka sehemu tano tofauti inaweza kujikusanya kwenye tone moja, na tone hilo litaning'inia karibu na sili ya nyuma ya krenki ambayo haina kosa lolote. Fundi hakuwa anadanganya. Alikuwa anatazama mahali oili inapomalizia, akapaita inapoanzia.

Fundi wa pili nilimpata kwa kuelekezwa na jirani. Mzee wa makamo, mpole, mikono yake ina makovu ya zamani. Alitazama chini kwa nusu dakika akatoka.

"Mwanangu, kaioshe kwanza. Hapa naona uchafu wa miaka mitano. Uvujaji siuoni."

Hiyo ndiyo kazi ambayo watu wanairuka, na naelewa kwa nini wanairuka, kwa sababu kuosha hakuonekani kama kutengeneza. Lakini kwenye injini chafu kila kitu kimelowa na kila kitu kinashukiwa. Tuliosha pamoja. Injini ilikuwa imepoa kiasi cha kushikika. Tukafunga kwa mifuko ya plastiki altaneta, koili za plagi, mahali hewa inapoingilia na soketi za umeme zilizokuwa wazi. Tukapulizia dawa ya kuondoa grisi, tukaiacha ilainishe, tukasugua kwa brashi kwenye kona zote, tukasuuza kwa maji ya kawaida yasiyo na nguvu. Mashine za presha zinapitisha maji kwenye sili na soketi za umeme, halafu unaanza kutafuta ugonjwa ambao hukuwa nao. Tukakausha. Kisha akaniomba poda, hii ya kupaka watoto, akainyunyiza kwa ndani ya boneti, kando ya tapeti kava, kuzunguka msingi wa filta, kwenye mkunjo wa sampu, mpaka injini ikawa nyeupe.

"Sasa kazunguke. Ukirudi tutaona nani amelia."

Nilizunguka kama kilomita 30. Niliporudi, poda ilikuwa nyeupe karibu kila mahali. Kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava, upande wa ukuta wa kabini ambako macho hayafiki bila kioo, kulikuwa na mfereji mweusi umeichana poda na kushuka moja kwa moja kuelekea eksozi na nyuma ya injini. Alitumia kile kioo kidogo chenye mpini, akanishikia tochi nione mwenyewe. Mahali pale palipoambiwa ni sili ya krenki palikuwa pamekauka, isipokuwa mstari mmoja uliokuwa unakuja kutoka juu.

Kuna njia nyingine kwa uvujaji mjanja zaidi, ule unaotoka injini ikiwa ya moto tu: unachanganya kwenye oili rangi maalumu, unaendesha siku moja mbili, kisha unamulika injini gizani kwa taa ya urujuanimno. Oili inawaka kijani au manjano, na mahali pa juu kabisa panapowaka ndipo chanzo. Kanuni ni ileile ya poda. Tafuta palipolowa juu kuliko pengine kote, na mbele kuliko pengine kote, uanzie hapo.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wanaotaka kujaribu haya nyumbani. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kupandishia. Ya kukaa chini yake ni stendi, mbili, zimewekwa kwenye sehemu za fremu zinazobeba uzito, ardhi iwe ngumu na tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa vigingi au mawe. Watu wamekufa wakiangalia tone la oili.

Tulipoifungua tapeti kava nilishika gasketi yake, ule mpira wa kuziba unaokaa kati ya kava na injini, mkononi. Ilipaswa kuwa mpira laini wenye mgongo wa mviringo, unaobonyea na kurudi. Niliyoishika ilikuwa bapa, ngumu kama plastiki ya ndoo, na nilipoikunja ikakatika. Miaka ya joto hufanya hivyo. Mpira hupoteza ulaini wake, unachukua umbo la mahali ulipobanwa, na siku injini inapopoa na chuma kusinyaa, mpira haufuati tena. Unabaki mwanya mdogo kuliko unywele, na oili haihitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana uvujaji mwingi huanza kwenye magari yaliyotembea miaka mingi hata kama hayajatembea kilomita nyingi, na ndiyo maana kukaza bolti zaidi hakusaidii. Kwenye injini nyingi bolti za tapeti kava zinakazwa kwa nguvu ndogo sana, karibu nyutoni mita 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kiasi ambacho mkono wenye spana ndefu unakipita bila kujua. Ukizidisha unapinda kava au unang'oa nyuzi za alumini, na hapo umejiletea kazi nyingine.

Nilimtazama akifunga mpya na nikajifunza kwamba muda mwingi unakwenda kwenye usafi. Aliondoa mabaki yote ya gasketi ya zamani kwa kipande cha plastiki, asichane alumini, maana mchano mmoja tu ni mfereji. Alifuta kwa kitambaa chenye dawa mpaka kitambaa kikatoka safi. Silikoni aliweka mahali pachache tu, kwenye pembe ambapo kava ya taiming, kifuniko cha mbele cha injini, inaungana na kichwa cha injini, tone dogo kila pembe. Niliuliza kwa nini asizungushie yote kwa usalama zaidi. Akaniambia silikoni inayozidi inabanwa pande zote mbili, nje ambako unaiona na ndani ambako huioni, na ile ya ndani inakatika vipande, inaanguka kwenye sampu, inakwenda kuziba chujio ambalo pampu inafyonzea oili. Nimeona tangu hapo injini zilizopakwa silikoni kama ukuta uliopigwa lipu, na kila nikiona nafikiria chujio lile. Bolti akazikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili, kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Tukabadilisha pia zile pete za mpira zinazozunguka mashimo ya plagi, kwa kuwa zina umri uleule, na zikivuja oili inajaza kwenye plagi na koili mpaka injini inaanza kukosa milipuko.

Hapo nilidhani nimemaliza. Wiki sita gari lilikuwa kavu. Wiki ya saba, kona ileile, poda ileile, mfereji mweusi.

Nilikasirika, na hasira hiyo nilikwenda nayo kwa yule mzee. Hakujitetea. Aliwasha injini, akaiacha ikizunguka polepole, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akalaza kipande cha karatasi nyepesi juu ya tundu. Karatasi ikaruka. Akaiweka tena, ikaruka tena.

"Hii ilitakiwa ivutwe chini," akasema. "Mimi ndiye nimekosea. Ningepima hili kabla ya kukuuzia gasketi."

Kilichokuwa kinaendelea ni hiki. Mlipuko unapoisukuma pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni ya ringi, pete za chuma zinazoizunguka pistoni, na kuingia chini, kwenye nyumba ya krenki. Hilo hutokea hata kwa injini mpya. Zamani gesi hizo ziliachwa zitoke nje kwa bomba, zikachafua hewa. Mwaka 1961 magari mapya yaliyouzwa California yalianza kuwekewa valvu ndogo inayozirudisha gesi hizo kwenye njia ya hewa ya injini zikaungue upya, na tangu hapo mfumo huo umesambaa kwa magari karibu yote. Mafundi wanaiita valvu ya PCV. Ni kitu cha ukubwa wa kidole gumba, pamoja na mpira unaokiunganisha. Ikiziba kwa masizi na utelezi, gesi hazina pa kutokea, nyumba ya krenki inajaa shinikizo, na shinikizo linatafuta sehemu dhaifu kuliko zote. Kwangu ilikuwa kona ya tapeti kava. Kwa mwingine itakuwa sili ya mbele ya krenki, kwa mwingine hiyo ya nyuma, naye atashusha giaboksi, ataweka sili mpya, na baada ya miezi miwili atarudi palepale akimlaumu fundi au akiilaumu sili.

Aliichomoa valvu yangu akaitikisa karibu na sikio langu. Nzima hugongagonga ndani. Yangu ilikuwa kimya. Tukaweka mpya, tukabadilisha mpira wake uliokuwa umejaa ute mweusi, tukarudia karatasi, ikakaa imenyonywa kwenye tundu kama imegandishwa. Gasketi tuliyoiweka wiki saba nyuma haikuwa na kosa. Tuliisafisha tukairudisha, na imekaa kavu tangu siku hiyo.

Kwa hiyo kama ungeniuliza leo nianzie wapi, ningekwambia karatasi kwanza, kabla ya poda. Ni jaribio la dakika moja. Kama karatasi bado inaruka hata baada ya valvu na mpira kuwa mpya, basi gesi zinazopita kwenye ringi ni nyingi kuliko mfumo unavyoweza kuzibeba. Hapo injini yenyewe imechoka na inahitaji kupimwa mgandamizo wa silinda moja moja. Hiyo ni habari mbaya, lakini afadhali uipate kabla hujabadilisha sili nne.

Washukiwa wengine nitawapitia haraka, maana wengi wao ni rahisi wakishaonekana. Nati ya kumwagia oili huvuja kwa sababu washa yake, ile pete bapa ya shaba au alumini, imetumiwa mara ya tano. Washa hiyo hubanwa ikaumbika, kwa hiyo iwe mpya kila unapobadilisha oili. Swichi ya oili, kile kitufe chenye waya mmoja kinachowasha ile taa, hupasuka kwa ndani na kutiririsha hadi kwenye soketi yake. Chomoa soketi, ukikuta oili ndani yake umeshapata jibu. Sampu ya chuma hugonga mawe na kushika kutu. Sili ya mbele ya krenki ikivuja, mkanda unairusha oili pande zote, utaona michirizi ya duara. Magari yenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi, yana mabomba ya kupeleka na kurudisha oili kwenye tabo, na yale yenye kipozea oili yana gasketi yake karibu na filta.

Filta yenyewe inastahili sentensi zaidi ya moja. Wakati wa kuifungua, pete ya mpira ya filta ya zamani wakati mwingine hubaki imegandamana na injini. Fundi mwenye haraka anafunga filta mpya yenye pete yake juu ya ile ya zamani. Pete mbili hushikilia kwa muda, dakika kumi au siku mbili, kisha moja inateleza na oili inatoka kwa shinikizo lote la pampu. Injini inaweza kumaliza oili yake ikiwa barabarani. Ukibadilishiwa oili leo na gari likaanza kuvuja kesho, tazama hapo kabla ya pengine popote. Na ukiwa umesimama karibu na fundi, pitisha macho yako kwenye kitako cha filta kabla mpya haijafungwa. Hakuna fundi mzuri atakayechukia hilo.

Ikitokea kweli ni sili ya nyuma ya krenki, umehakikisha kwa kuosha na poda na karatasi, basi ifanywe sawasawa. Giaboksi ikishashuka, kagua klachi, maana kurudi kwa ajili yake baada ya miezi sita ni kulipa kazi ileile mara mbili. Pitisha kucha kwenye krenki mahali mdomo wa sili unapokaa. Kama kuna mfereji, sili mpya itavuja vilevile, na dawa ni kuikalisha mbele au nyuma kidogo kwa kiasi ambacho nyumba yake inaruhusu, au kuvisha krenki pete ya chuma nyembamba ya kurekebishia. Sili ya mpira wa kawaida hupakwa oili kidogo mdomoni kabla ya kufungwa. Zile za PTFE, aina ya plastiki inayoteleza, hufungwa kavu kabisa. Kuchanganya hayo mawili ni sababu mojawapo ya sili mpya kuvuja.

Naulizwa sana kuhusu dawa za kuzuia kuvuja zinazomiminwa kwenye oili. Nyingi hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka. Mpira uliokauka kidogo utafaidika. Uliopasuka hautaungana, na ule uliokuwa mzima hauhitaji kuvimbishwa. Mimi ningeikubali kwa gari la zamani lenye sili ya nyuma inayotoa jasho tu, ambalo thamani yake haivumilii kushusha giaboksi, mwenyewe akijua anachokifanya. Nisingeikubali badala ya kutafuta chanzo. Vilevile kuhamia oili nzito zaidi ili ivuje polepole: inachelewa kufika juu ya injini wakati wa kuwasha asubuhi, na huo ndio wakati injini inahitaji oili kuliko wote. Namba za uzito wa oili zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, 5W-30 au vinginevyo, ndizo zilizotumika kupangia nafasi za beringi.

Neno jasho nimelitumia makusudi. Mafundi wanatofautisha injini inayotoka jasho na inayodondosha, na tofauti hiyo ina maana. Unyevu unaoshika vumbi kwenye mkunjo wa gasketi, usioshuka, usiopunguza dipstiki kati ya mabadiliko ya oili, unaweza kuuacha ukiutazama kila mwezi. Tone linaloanguka ni jambo jingine, hata likiwa moja kwa usiku. Linalainisha mipira ya kushikilia injini, linakula mikanda, linaingia kwenye altaneta. Na linapoanguka chini halikomi kuwepo. Mvua inalibeba. Oili iliyotumika ina chembe za metali na mabaki ya mwako, na kidogo tu kinatosha kutandaza utando juu ya maji mengi. Kwa hiyo ile tunayoikinga kwenye beseni tuiweke kwenye chombo chenye kifuniko, ipelekwe kwa wanaoikusanya, kwa kuwa inaweza kusafishwa ikatumika upya. Doa la sakafuni linyunyizie vumbi la mbao, livute, ulizoe. Maji na sabuni peke yake vinalihamisha tu.

Nimebaki na desturi ya kutandika boksi kila Jumamosi usiku, lenye mshale mweusi unaoonyesha mbele. Kwa miezi mingi lilikuwa linatoka kavu na nilikuwa nalitumia lilelile. Jumapili iliyopita nilikuta tone moja. Niliinama, nikaligusa, nikalitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ni jekundu, na liko nyuma ya mstari wa injini, usawa wa giaboksi. Nimepima oili ya giaboksi, haijashuka. Nimeandika tarehe na kilomita kwenye daftari. Kesho, gari likipoa, naanza kwa kuosha.